Mwenzetu akizima, nani ataandika jina kwenye kitabu cha geti?

SWALI: Shikamoo Sista. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Malindi, na ni katibu wa baraza la wanafunzi. Muhula uliopita, baada ya sherehe ya kuwaaga wenzetu waliomaliza, kijana mmoja alilewa akazima. Wenzake walimfungia chumbani, kwa sababu kanuni za chuo zinasema ukipatikana umelewa unasimamishwa muhula mzima na mzazi anaandikiwa barua. Alhamdulillahi aliamka kesho yake saa saba mchana. Sasa tunataka chuo kiandike sera ya msamaha: mtu akizidiwa na pombe, anayemwombea msaada asiadhibiwe, wala mgonjwa mwenyewe. Nimesikia vyuo vya Marekani vinafanya hivyo. Mlezi wa wanafunzi anasema huko ni kutufungulia mangwe, kilabu cha mnazi, ndani ya chuo. Wazazi wengine kwenye bodi wanasema mji huu ni wa Waislamu, jambo hilo halizungumziki. Wewe uliyefanya kazi hospitali unaonaje? Tuendelee au tuache?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Endeleeni, msiache. Ila kabla hamjarudi kwa bodi kuna mambo nataka myabadilishe katika hiyo karatasi yenu, na kabla ya hayo nataka nikupe usiku mmoja, maana naona umeandika "aliamka" kana kwamba hadithi imeishia hapo.

Nilifanya zamu za usiku miaka mingi katika idara ya dharura. Hospitali siitaji, na chuo walikotoka hao vijana sikitaji pia. Ilikuwa saa kumi usiku na dakika zake, tuktuk ikaingia na taa moja. Vijana wawili wamemshika mwenzao kwapani, miguu inaburura, kiatu kimoja hakipo. Shati limerowa chapachapa, na usiku huo mvua haikunyesha. Nikauliza, amekula nini? Mmoja akajibu upesi, jibu lililokwisha kupangwa njiani: "Samaki, Sista. Samaki wa jana." Nikamwinamia mgonjwa. Harufu ya samaki hapana. Katikati ya meno kulikuwa na ganda la ndimu. Nikahesabu pumzi zake kwa saa ya ukutani: sita, dakika nzima. Wewe hapo ulipokaa unavuta kama kumi na nne au kumi na sita. Nikamchoma kidole kupima sukari, iko chini kabisa. Samaki yule alitula dakika ambazo hatukuwa nazo.

Alipokwisha kutundikiwa dripu ya sukari na kuwekewa oksijeni, nikamtoa nje yule mdogo kati ya wale wawili, tukakaa kwenye benchi. Alizima saa ngapi? Saa sita. Na sasa ni saa kumi. Mlikuwa mkifanya nini? Akaniangalia kama mtoto aliyesimamishwa ubaoni. "Tulikuwa tunajadiliana." Walimmwagia maji, wakamkamulia ndimu, wakamkalisha akaanguka, wakamkalisha tena. Na katikati ya hayo wakawa wanabishana nani atakwenda kumwamsha soja, kwa sababu pale getini kuna kitabu, na kila anayetoka usiku huandika jina, namba ya usajili, saa, na sababu ya kutoka. Saa nne nzima walikuwa wanatafuta la kuandika kwenye safu ile ya mwisho.

Huyo alipona. Yuko mwingine, mwaka mwingine, aliyeletwa kumeshakucha, na huyo sitamsimulia.

Sasa hii kauli ya "mwacheni alale". Watu hudhani mlevi akiacha kunywa hali yake huanza kutengemaa pale pale. Sivyo. Kilichobaki tumboni kinaendelea kuingia kwenye damu, kwa hiyo aliyezima saa sita anaweza kuwa amelewa zaidi saa saba, naye amelala, hajaonja tone jingine. Hebu tupige hesabu. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kileo chenyewe. Ile robo ya pombe kali mnayoipenda kwa sababu inaingia mfukoni, mililita 250 kwa asilimia 40, ina mililita 100. Ni bia nne hizo, na nimewasikia vijana wakijisifu kuimaliza kwa dakika kumi kwa ajili ya dau. Ini nalo halina haraka na mtu. Kwa saa moja huondoa kama gramu 7 hadi 10, na robo hiyo ina karibu gramu 80. Kahawa chungu haiongezi mwendo wake, wala maziwa, wala supu ya mifupa, wala ndimu. Maji ya baridi yanamshusha joto mtu ambaye mwili wake umeshashindwa kujitunza joto, hata katika mji wenye joto kama huu wetu. Na kumtapisha kwa kidole au kwa maji ya chumvi ndiyo mbaya kuliko yote, kwa sababu aliyezima koo lake halina tena ule ukali wa kumfanya akohoe. Anachotapika kinateremka mapafuni.

Kwa hiyo mwenzenu wa saa saba mchana mlango uliofungwa haukumfaa kitu. Bahati ndiyo iliyomfaa, na bahati huwezi kuipeleka kwenye bodi.

Tuje kwenye karatasi yenu. Mmeandika "sera ya msamaha". Futeni neno hilo. Msamaha huombwa na mkosaji, na mlezi wenu akilisoma anaona ulevi umesamehewa kabla haujatendwa. Hapo kashapata la kusema na bodi nzima itamfuata. Andikeni "kinga ya anayeita msaada". Ni kitu kidogo kuliko msamaha. Chuo kinaendelea kukataza pombe kama kawaida, chupa zikionekana zinachukuliwa, anayeuza hosteli anafukuzwa. Lakini simu iliyopigwa kuokoa mtu haigeuzwi kuwa ushahidi dhidi ya aliyeipiga wala aliyeombewa msaada. Basi.

Umetaja Marekani, na ni vizuri uwe na mfano wenye namba, maana mlezi wenu atakuuliza. Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, kilianza utaratibu wa namna hii mwaka 2002, na matokeo ya miaka miwili ya mwanzo yakachapishwa 2006. Kabla ya hapo waliwauliza wanafunzi: asilimia 19 walisema wamewahi kufikiria kuita msaada kwa sababu ya mlevi, lakini waliopiga simu kweli walikuwa asilimia 4. Baada ya utaratibu kuanza simu ziliongezeka, na waliosema hawakupiga kwa kuogopa kumtia mwenzao matatani wakashuka kutoka asilimia 3.8 hadi 1.5. Unywaji wenyewe haukuonekana kupanda. Namba ninayoipenda mimi ni nyingine kabisa, na ndiyo ya kumwekea mlezi wenu mezani: waliopata kuketi na mshauri baada ya tukio walitoka asilimia 22 wakafika 52. Yaani kabla ya hapo chuo kilikuwa na adhabu kali na hakikuwapata walevi wake. Kilipolegeza adhabu kikawapata.

Usiuze namba hizi kwa bei isiyo yake, lakini. Ni chuo kimoja, na sehemu kubwa ni wanafunzi kujieleza wenyewe. Na katika uchunguzi huo huo sababu iliyotajwa zaidi ya kutopiga simu haikuwa woga wa adhabu. Walikuwa hawana hakika kama mwenzao amezidiwa kiasi hicho. Kwa hiyo mkipata sera na msiwafundishe watu dalili, mmepata nusu ya dawa.

Tena kuna Penn State, chuo kikuu kingine huko huko Marekani, jimbo la Pennsylvania. Februari 2017 kijana wa miaka 19, Timothy Piazza, alinyweshwa pombe katika karamu ya kupokelewa kwenye chama cha wanafunzi, akaanguka kwenye ngazi za chini ya nyumba. Kamera za nyumba ile zilirekodi usiku wote. Ilipita karibu saa 12 ndipo ikapigwa simu ya dharura, na akafa. Jimbo la Pennsylvania lilikuwa na sheria ya kumkinga anayemwitia msaada kijana aliyelewa tangu mwaka 2011. Ilikuwa kwenye vitabu, na mgonjwa yuko kwenye kochi. Baadaye, 2018, ikatungwa sheria nyingine kali dhidi ya mateso ya kuwapokea wanachama wapya, yenye jina lake. Ndiyo maana nakusisitiza: kinga yenu isikae kwenye faili la mkuu wa chuo.

Halafu, usiichukue ya Wamarekani mzimamzima. Kule umri wa kunywa ni miaka 21, kwa hivyo wanafunzi wengi wakinywa wameshavunja sheria ya nchi, na woga wao wa kwanza ni polisi. Hapa kwetu, kwa Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile watu waliyoizoea kwa jina la Sheria ya Mututho, umri ni miaka 18. Wengi wenu mmeshaupita. Polisi siye mnayemwogopa. Mnaogopa barua. Barua inayokwenda kijijini, Marafa au Garashi, kwa mzee aliyeuza mbuzi ili ulipe karo, naye hajui kusoma, inasomwa na jirani. Mnaogopa kusimamishwa muhula, na mkopo wa masomo unaokwama. Mnaogopa soja na kitabu chake. Kinga mnayoiandika lazima iguse hivyo vitu kwa majina yake, la sivyo itakuwa maneno mazuri ya Cornell yaliyopotea njia yakafikia Malindi.

Ila la umri lisilale. Sera ya taifa iliyozinduliwa Julai 2025 inapendekeza umri wa kunywa upandishwe hadi miaka 21. Ni pendekezo, sheria bado ni ile ile. Lakini siku likiwa sheria, mtu wa mwaka wa kwanza na wa pili atakuwa na woga wa barua na woga wa polisi kwa pamoja. Mwambie mlezi wenu ni heri chuo kiwe na kinga yake kabla ya siku hiyo.

Nije kwa wazee wa bodi, na hapa nitasema kama mtoto wa mji huu, kwa kuwa nimelelewa na wazee kama wao. Wakisema pombe ni haramu wamesema kweli, usibishane nao hata neno. Wala usiwaambie mji una makanisa pia na mangwe pia. Wanajua kuliko wewe. Wakumbushe tu kwamba ile Sura ya Al-Maida inayokataza ulevi katika aya ya 90, katika aya ya 32 inasema aliyeiokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote. Ni sura moja. Na wanavyuoni wana kanuni yao kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa. Mnachoomba nyinyi hakifiki hata huko, hamuombi kuhalalishiwa kitu.

Kuna neno jingine ambalo nadhani ndilo lenye mzizi wa jambo lote hili, nalo ni sitara. Wale vijana wa samaki hawakuwa na roho mbaya. Walikuwa wanamsitiri mwenzao. Wamefundishwa tangu chuo cha Kurani kwa maalimu kwamba anayemsitiri mwenziwe hapa duniani naye atasitiriwa, na wamefundishwa vizuri. Shida ni kwamba chuo kimewawekea sitara upande mmoja na uhai upande mwingine, wakaambiwa chagueni. Mtoto wa miaka 19, saa saba ya usiku, naye mwenyewe amekunywa, anachagua alichozoea: anafunga mlango. Mkiweza kuwafanya wazee waone hivyo, kwamba kinga hii inampa kijana njia ya kumpeleka mwenzake hospitali na bado amemsitiri, nina hakika wengine watakuwa upande wenu kabla ya chai kuletwa.

Kwa hilo, siri iandikwe waziwazi. Anayejua ni matroni, mshauri na basi. Jina lisipite kwa kamati ya nidhamu, lisitajwe gwaride, lisifike kwa kundi la simu la wazazi.

Sasa mlezi wenu na mangwe yake. Mie nimecheka kidogo. Kwa nini wasinywe kama wanywavyo mangweni, basi? Mzee wa mangweni ana mboko wake na mrija wake, ameketi kitako tangu alasiri. Mnazi ameuonja anajua ni wa asubuhi, bado mtamu, au umelala na umekuwa mkali. Mgema anamjua kwa jina, na anapajua kwao. Akiinama zaidi ya kawaida, mtu anamlaza ubavu chini ya kivuli na mtoto anatumwa kuita nyumbani kwake. Sisemi mangwe ni mahali pema. Nimeshona vichwa vingi vilivyotoka mangweni, na wengine wamegongwa barabarani wakirudi. Nasema mangweni kuna macho. Chumba cha hosteli kilichofungwa kwa ndani, mzinga mmoja wa pombe kali ukizunguka vijana sita na muziki juu, hakina jicho hata moja la mtu mzima, na kanuni kali inazidi kuyafukuza. Mlezi wenu anaogopa kufungua mangwe. Alichonacho sasa ni kibaya kuliko mangwe.

Lakini amekuwa na haki katika jambo moja, nawe mpe haki yake mapema: sheria isiwe tikiti. Anayesikia soja anagonga ndipo akapiga simu, huyo hajaita msaada. Anayeita msaada akamkimbia mgonjwa, hakingwi. Anayeuza hakingwi. Aliyempiga mtu au kumharibu mtu hakingwi kwa sababu alikuwa amelewa, hata siku moja. Andikeni hivyo kwa maneno makavu. Itawasaidia kuliko kurasa tatu za haki za binadamu.

Na hapo kwa kumharibu mtu nikae kidogo, maana vijana wa kiume mkiandika sheria mnalisahau. Binti aliyekunywa, au aliyetiliwa mchele, ile dawa ya kumlaza mtu, kwenye kinywaji chake asijue, akaamka amefanyiwa ubaya, anafikiria nini kwanza? Anafikiria wataniuliza nilikuwa nimekunywa nini. Anakaa siku mbili, siku tatu. Dawa ya kumkinga na virusi vya ukimwi inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kila saa ikipita nguvu yake inapungua. Nimepokea wasichana siku ya tano. Kwa hiyo iandikwe kwamba anayeripoti kudhulumiwa hataulizwa na chuo habari ya pombe aliyokunywa, yeye na aliyemsindikiza. Kama bodi itawapunguzia karatasi na kuwaachia mstari mmoja, ombeni huu.

Kuhusu mara ngapi mtu anakingwa, vyuo vingine huweka kikomo. Mimi anayepiga simu simwekei kikomo kabisa. Akipiga mara kumi ameokoa watu kumi. Mgonjwa ni habari nyingine. Mara ya kwanza aketi na mshauri, na kuketi huko kuwe lazima, si hiari. Akirudi tena, huyo pombe imeshamshika, na kumsimamisha muhula ni kumpa miezi minne ya kunywa bila kusumbuliwa. Apelekwe kwenye tiba. NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192, hata matroni anaweza kuipiga akaelekezwa.

Mzazi. Najua mnataka mzazi asiambiwe kabisa, na hapo siko nanyi. Mtu akilazwa hali yake mbaya, wa kwao lazima wajulishwe. Mimi kama mama nisingekubali chuo kinifiche. Kinachobadilika ni nani anapiga na anasemaje. Apige matroni au nesi, aseme mwanao anaumwa, yuko hospitali, njoo. Ile barua yenye mhuri wa kamati ya nidhamu isiwepo. Sababu atazungumza mwenyewe na babake kitandani, na niamini, babake atakuwa ameshajua.

Gharama pia iguseni. Saa nane usiku Malindi ambulensi yenu ni tuktuk. Baraza la wanafunzi litenge akiba ndogo, liandikiane na madereva wawili wanaolala karibu na chuo, na matroni awe na namba zao. Mlangoni pa hospitali msiogope: Katiba, Ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haisemi isipokuwa mlevi. Na nesi siye polisi wala siye mlezi wa wanafunzi. Nikikuuliza amekunywa nini, na vidonge gani, na saa ngapi, sikuandikii mashtaka. Najua tu kwamba pombe na vidonge vya usingizi vikikutana pumzi inakatika upesi zaidi, na tiba inabadilika.

Na kile kitabu cha geti. Mwombe mkuu wa chuo jambo moja dogo: kwenye safu ya sababu liruhusiwe neno "mgonjwa", na soja aamriwe asiulize zaidi. Afungue geti, aandike saa, amwamshe matroni. Haigharimu shilingi. Mngepata hilo peke yake muhula huu, ningesema mmefanya kazi.

Kuna la mwisho la kitabibu ambalo halimo katika barua yako na linanitia wasiwasi, kwa sababu mwenzenu alikunywa sijui nini. Si kila kinachouzwa kwa chupa yenye lebo ni kile kilichoandikwa. Mwaka 2014 pombe yenye methanoli, sumu inayofanana na kileo, iliua watu zaidi ya 80 katika kaunti kadhaa za nchi hii kwa siku chache, na wengine walibaki vipofu. Methanoli ina hila: mtu analewa, analala, anaamka kama yeyote mwenye kichwa kizito, mnasema ameshapona. Kisha baada ya saa 12, hata 24, macho yanaanza kuona ukungu, tumbo linamkata, anapumua upesi kama aliyekimbia. Hapo hakuna kulala wala maziwa, ni hospitali, na muende na chupa yenyewe. Kijana kama huyo aliyefungiwa chumbani mpaka saa saba mchana hakuna ambaye angeziona dalili hizo zikianza.

Mkipitisha, bandikeni karatasi moja, maneno machache, kwa Kiswahili. Mimi ningeandika hivi:

"Mwenzako amezima? Mwite kwa jina, mfinye. Kama haamki, kama pumzi hazifiki nane kwa dakika au zinakatika kwa sekunde kumi, kama midomo, ufizi au kucha zimegeuka rangi, kama anatapika naye hajitambui, kama anatetemeka degedege: mwite matroni sasa hivi. Mlaze ubavu, kichwa kimeinama kidogo ili matapishi yatoke. Usimpe kitu mdomoni. Usimwache peke yake. Wewe huadhibiwi. Yeye haadhibiwi. Getini sema: mgonjwa."

Chini yake namba ya matroni na za wale madereva wawili. Na msiibandike kwenye ubao wa matangazo, ubao hausomwi na mtu usiku. Ibandikeni ndani ya mlango wa choo cha hosteli, usawa wa macho ya mtu aliyeketi.